Anayelala Chini ya Tuta Aonyeshwe Ripoti

Mwanzoni mwa Mei 2024, masika yakiwa yamepamba moto na watu wakiendelea kufa kwa mafuriko nchini Kenya, serikali ilitangaza kwamba mabwawa na hifadhi za maji 178 yalikuwa hatarini kufurika. Waliokuwa wakiishi karibu nayo walipewa saa 24 wahame. Saa 24 za kubeba watoto, wazee, magodoro, kuku na mahindi ya msimu mzima, kwenda wasikokujua, mvua ikinyesha.

Tangu siku ile nina swali moja. Hiyo orodha ilikuwa wapi mwezi Januari, jua likiwaka? Ama ilikuwepo kwenye faili la ofisi fulani na haikuwafikia wanaohusika, ama ilikusanywa mbiombio maji yakiwa yameshafika shingoni. Kwa mwananchi aliye bondeni yote mawili ni mamoja: hakuambiwa mapema.

Ninachodai ni kwamba ripoti ya ukaguzi wa bwawa isiwe siri kati ya mwenye bwawa na afisa wa maji. Wa kwanza kuisoma awe yule anayelala chini ya tuta, yaani ukuta wa udongo unaozuia maji ya bwawa, kwa sababu tuta likikatika yeye ndiye atakayezikwa kwenye tope.

Tumeshalipia somo hili. Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la udongo lililokuwa ndani ya shamba la watu binafsi huko Solai, kaunti ya Nakuru, lilipasuka. Maji yalishuka mlimani na kusomba nyumba, mifugo na watu waliokuwa wameshajifungia ndani. Walikufa watu wasiopungua 47, wakiwemo watoto wengi. Baadaye taifa zima likaambiwa kwamba bwawa lile halikuwa na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Bwawa si sindano. Lilikuwa pale mlimani, likionekana, na maji yake yakimwagilia mashamba. Watu tisa walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, wakiwemo maafisa wa umma. Februari 2020 mahakama ya Naivasha iliwaachilia baada ya upande wa mashtaka kushindwa kuendelea na kesi, kisha Mahakama Kuu ikatengua uamuzi huo. Sitaki kuingia kwenye hatia ya mtu, hiyo ni kazi ya majaji. Linaloniuma ni kwamba hata aliyeishi hatua chache chini ya tuta lile hakuwa na karatasi hata moja ya kumwambia lina urefu gani, lilikaguliwa lini, na nani ampigie simu akiona maji yanatoka mahali yasipopaswa kutoka.

Na kuona angeweza kuona. Tuta la udongo linatoa dalili, na dalili zake nyingi hazihitaji shahada. Chukua mgongo wa tuta. Ng'ombe wanaoenda kunywa wanapita palepale kila siku, kwato zinachimba kijia, na baada ya miaka kadhaa pale pamekuwa chini kuliko sehemu nyingine kwa shubiri mbili. Hakuna anayejali, kwa kuwa kiangazi maji yako mbali. Ikija mvua kubwa, maji yanapita hapo kabla hayajapata njia yake halali. Udongo ukianza kuliwa, shimo linapanuka; likipanuka maji yanaongezeka nguvu; yakiongezeka yanakula zaidi. Kinachofuata kinaweza kuchukua saa chache tu.

Kuna hatari nyingine inayoanzia ndani. Mchwa na panya wanachimba tutani. Mti mkubwa ulioachwa ukamea pale unakufa, mizizi yake inaoza, inabaki mifereji mitupu. Maji yanatafuta mifereji hiyo, na siku moja sehemu ya chini ya tuta, upande wa nyumba za watu, inaanza kuchuruzika. Hapo ndipo jicho la mwenyeji lina thamani kuliko la mhandisi anayekuja mara moja kwa mwaka. Maji yakitoka masafi, yafuatiliwe kama yanaongezeka. Yakitoka na tope, tuta linaliwa kutoka ndani, na si jambo la kungoja Jumatatu. Yakinge kwenye glasi, yaache yatulie: ukiuona udongo umekaa chini ya glasi, watoe watu.

Halafu kuna utoro, ile njia ya pembeni ya kupitishia maji ya ziada bwawa likijaa. Huu ndio uhai wa bwawa la udongo, maana udongo haustahimili maji yanayopita juu yake. Lakini watu huuziba kwa magunia ya mchanga ili maji mengi zaidi yabaki kwa ajili ya kiangazi. Ninaelewa kwa nini. Mwenye mifugo anahesabu siku za ukame. Si jambo la Afrika peke yake pia. Huko juu ya mji wa Johnstown, Pennsylvania, Marekani, wenye bwawa la South Fork walikuwa wameweka nyavu kwenye utoro ili samaki wao wasitoroke. Mei 31, 1889 mvua kubwa ilinyesha, takataka zikanasa kwenye nyavu hizo, maji yakapita juu ya tuta, na zaidi ya watu 2,200 wakafa.

Sheria zetu nazo zimezoea kupima bwawa kwa rula. Kanuni za Kenya za mwaka 2007 zilipanga mabwawa katika madaraja A, B na C kwa kutazama kina cha maji, ujazo na ukubwa wa eneo linaloyalisha. Kina kisipofika mita 5, bwawa liliangukia daraja la chini. Mita nne na nusu za maji zikiwa juu ya malisho matupu ni jambo dogo, nakubali. Zikiwa juu ya shule ya msingi ni jambo jingine kabisa. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, kwa hiyo kibwawa cha mita za ujazo 50,000, ambacho wengi wangekiita lambo tu, ni tani 50,000 zinazoning'inia juu ya kijiji. Na kijiji hakikai kilivyokuwa. Shamba la mzungu la miaka ya 1950 lilikuwa na bwawa na nyumba chache. Baada ya uhuru kampuni za kununua ardhi zikaligawa vipande, familia mamia zikajenga bondeni, na bwawa likabaki bila mwenye. Udongo ni uleule. Kilichobadilika ni idadi ya watu walio chini yake, na hakuna aliyerudi kulipanga upya.

Mai Mahiu, kaunti hiyohiyo ya Nakuru, iliongeza jambo ambalo naliona zito kuliko yote. Alfajiri ya Aprili 29, 2024 maji yaliwasomba watu usingizini, wakafa makumi. Kwanza tuliambiwa ni bwawa lililopasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikasema halikuwa bwawa: ni tuta la reli, ambalo njia ya maji chini yake iliziba kwa magogo, mawe na matope, maji yakajikusanya nyuma yake hadi yakavunja. Basi ukaguzi wa mabwawa usingelikuta hata kama ungefanyika vizuri, kwa kuwa halikuwa kwenye daftari la mtu. Kwangu mimi tuta lolote la udongo linaloweza kuzuia maji juu ya watu ni bwawa, liwe lilijengwa kwa ajili ya treni, barabara au ng'ombe.

Mabwawa yaliyojengwa makusudi ya kupunguza mafuriko yana mtihani wake. Yanafanya kazi yakiwa na nafasi tupu. Bwawa likijaa mchanga na tope, au likijazwa maji ya kumwagilia, mvua inalikuta halina pa kuyaweka. Tanzania inalijua bonde la Mkondoa, Kilosa, ambako bwawa la Kidete lilikuwa ngao ya wakazi na ya reli ya kati. Lilipobomoka, kipande cha reli kati ya Kilosa na Gulwe kikawa kinasombwa mara kwa mara. Na Derna, Libya, Septemba 2023, mabwawa mawili yaliyojengwa miaka ya 1970 kuukinga mji na mafuriko ndiyo yaliyopasuka na kuua maelfu. Mtaalamu alikuwa ameandika mwaka 2022 kwamba yanahitaji matengenezo ya haraka. Maandishi yake hayakumwamsha aliyelala bondeni.

Najua jibu la maofisini: fedha hazipo, na taarifa za namna hii zitazua taharuki. Kuhusu fedha, Marekani nayo ilikuwa na sheria ya kukagua mabwawa tangu 1972, kazi ikazorota, hadi Novemba 6, 1977 bwawa dogo la udongo la Kelly Barnes, Georgia, lilipopasuka na kuua watu 39. Ndipo Rais Carter akaagiza ukaguzi. Yalikaguliwa mabwawa yasiyo ya serikali karibu 9,000 yaliyo juu ya makazi, na takriban theluthi moja yakaonekana si salama. Leo daftari lao la mabwawa, zaidi ya 90,000, liko wazi mtandaoni, na hatari inapangwa kwa kuuliza nani atakufa likipasuka. Kufyeka majani, kung'oa miche, kujaza kijia cha ng'ombe na kufungua utoro ni kazi ya majembe na vijana wa kijiji kwa siku chache. Mhandisi analipwa kwa yale yanayomhitaji mhandisi. Kuhusu taharuki, hakuna taharuki kubwa kuliko ile ya saa 24.

Kwa hiyo kila tuta lenye watu chini yake likaguliwe mwezi Februari na tena Septemba, kabla ya masika na vuli. Matokeo yabandikwe kwa chifu, kwenye ofisi ya kijiji, msikitini, kanisani na shuleni, kwa Kiswahili au lugha ya pale: lina urefu gani, kasoro gani imeonekana, nani anatakiwa kuirekebisha na kufikia lini. Tuta lisilo na mwenye lichukuliwe na kaunti au halmashauri kwa maandishi. Na chini ya karatasi hiyo liwepo jina la mtu mmoja, siyo la idara, pamoja na namba ya simu inayopokelewa usiku, kwa sababu Solai maji yalikuja usiku na Mai Mahiu yalikuja kabla hakujapambazuka.