Dawa ya kuyeyusha donge au wadi ya kiharusi: Mombasa ianze na lipi?

Kaunti yoyote ya Pwani inayopanga bajeti ya afya italazimika kujibu swali moja: mgonjwa wa kiharusi akifika hospitali ya umma, pesa chache zilizopo zitangulie wapi? Upande mmoja unasema zinunue dawa ya kuyeyusha donge la damu, ambayo Marekani na Ulaya wameitumia kwa miaka mingi. Upande wa pili unasema dawa hiyo itawafikia wachache, na kwamba wauguzi waliofunzwa, vipimajoto, mashine za sukari na skani ya CT isiyofungwa usiku zitaokoa wengi zaidi. Pande zote mbili zina utafiti mkononi. Mimi naona upande wa pili una haki ya kutangulia, ila ukiachwa peke yake hugeuka kisingizio cha kuinyima Mombasa tiba ambayo inafanya kazi.

Kiharusi ni majanga mawili yenye sura moja. Katika aina ya kwanza donge la damu huziba mshipa wa ubongo. Katika ya pili mshipa hupasuka na damu ikavuja ndani ya kichwa. Uso kwenda upande, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito: hayo huonekana katika aina zote mbili. Maumivu makali ya kichwa na kutapika humfanya daktari ashuku damu iliyovuja, lakini hakuna anayeweza kuamua tiba kwa dalili hizo tu. Hapa ndipo hali yetu inapoachana na ya nchi tajiri, ambako viharusi vya kuvuja damu ni kama 10 hadi 15 katika kila 100. Utafiti wa SIREN uliofanywa Nigeria na Ghana, ukachapishwa 2018, ulikuta karibu theluthi moja ya wagonjwa wana aina hiyo, na presha ndiyo iliyoongoza orodha ya visababishi. Kumdunga dawa ya kuyeyusha damu mtu ambaye tayari anavuja ni kummaliza. Bila skani ya kuzitofautisha aina hizo mbili, mjadala wa dawa haupo.

Tuipe dawa haki yake. Jaribio la NINDS la Marekani mwaka 1995, lenye wagonjwa 624, ndilo lililofungua njia kwa alteplasi, ndiyo dawa hiyo ya kuyeyusha donge. Mwaka 2014 uchambuzi uliounganisha majaribio 9 na wagonjwa 6,756 ulitoa picha iliyo wazi zaidi. Kati ya waliodungwa ndani ya saa 3 tangu kushikwa, 32.9% walibaki bila ulemavu wa maana, dhidi ya 23.1% ya wasiopewa dawa. Kati ya saa 3 na saa 4 na nusu ilikuwa 35.3% dhidi ya 30.1%. Baada ya hapo faida haikuthibitika. Upande wa hasara, waliokufa ndani ya siku 7 kwa damu iliyovuja ubongoni walikuwa 2.7% ya waliodungwa na 0.4% ya wasiodungwa. Kwa hesabu ya wadini: ukiwadunga mapema watu 100, takriban 10 zaidi wataendelea na shughuli zao kama zamani, na wawili zaidi watakufa kwa kuvuja damu. Ukichelewa hadi saa ya nne, faida inashuka hadi watu 5 na hatari inabaki pale pale. Ndiyo maana wanaoitetea dawa hii hawaachi kuzungumzia saa.

Na saa haianzi mgonjwa alipokutwa ameanguka. Inaanza alipoonekana mzima mara ya mwisho. Mzee aliyelala saa nne usiku akiwa salama, akaamshwa kwa sala ya alfajiri saa kumi na moja na kukutwa mkono hauinuki, amekwisha pitisha saa 7 katika hesabu. Jaribio la WAKE-UP la 2018 lilionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wa namna hiyo bado wanafaa kudungwa, lakini kwa kuwachagua kwa skani ya MRI, tena usiku huo huo. Kwa wengi wetu mlango huo kwa sasa umefungwa.

Chukua mgonjwa wa Likoni aliyeshikwa saa mbili asubuhi mbele ya watu. Anapaswa awe amedungwa kabla ya saa sita na nusu mchana. Toa muda wa jamaa kushauriana, kutafuta gari, na foleni ya feri wakati watu wanavuka kwenda kazini, au mzunguko wa Dongo Kundu. Akifika mlangoni saa nne na nusu, zimebaki saa mbili. Zinatosha kabisa, mradi hospitali isizile yenyewe. Lengo linalokubalika ni dakika 60 kutoka mlangoni hadi sindano. Kinachokula dakika hizo kinajulikana: faili kutafutwa, malipo ya skani kusubiriwa, fundi wa skani kuitwa kutoka nyumbani, picha kusubiri msomaji. Vinavyohitajika kweli kabla ya sindano ni vichache: uzito, presha iliyo chini ya 185/110, picha ya CT isiyo na damu, historia fupi ya upasuaji, majeraha na kuvuja damu, na kipimo cha sukari, kwa sababu sukari iliyoshuka sana huweza kumlegeza mtu upande mmoja kama kiharusi. Majibu mengine ya maabara hayasubiriwi, isipokuwa kwa anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, au mwenye ugonjwa wa damu unaotiliwa shaka. Skani itangulie, karatasi za SHA, bima ya afya ya serikali, zifuate. Badiliko hilo halihitaji kununua mashine yoyote mpya.

Miaka ya karibuni imewaongezea nguvu watetezi wa dawa. Alteplasi ni miligramu 0.9 kwa kila kilo, isizidi 90: asilimia 10 kwa dakika moja, iliyobaki kwa pampu katika dakika 60. Pampu ikikosekana, dozi huharibika. Tenekteplasi, dawa nyingine ya kuyeyusha donge, hudungwa mara moja tu, kwa sekunde chache: miligramu 0.25 kwa kilo, isizidi 25. Jaribio la AcT la Kanada, 2022, lilionyesha kwamba si dhaifu kuliko alteplasi, na Machi 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha itumike kwa kiharusi. Kwa mgonjwa atakayehamishwa kutoka hospitali ndogo kwenda Makadara, hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, sindano ya mara moja ni faraja kubwa: hakuna pampu ya kulinda ndani ya ambulensi.

Lakini dawa hiyo hiyo hutumika pia kwa mshtuko wa moyo, na kwa dozi kubwa zaidi. Mtu wa kilo 70 akiwa na kiharusi anahitaji miligramu 17.5, akiwa na mshtuko wa moyo atapewa 40. Daktari mchovu wa zamu ya usiku akifuata karatasi ya dozi ya moyo, amempa mgonjwa wa ubongo zaidi ya mara mbili. Norway walijaribu miligramu 0.4 kwa kilo katika NOR-TEST 2, na sehemu hiyo ya jaribio ikasimamishwa mapema kwa sababu ya kuvuja damu. Kwa hiyo kila chumba cha dharura kinachoweka dawa hii kibandike ukutani jedwali la uzito na dozi ya kiharusi peke yake, mgonjwa apimwe kwa mizani badala ya kukisiwa, na watu wawili wasome sindano kabla haijaingia mshipani. Tena chupa hazivumilii joto letu la Januari hadi Machi, linapopita nyuzi 30. Zikae kwenye friji iliyo na umeme wa akiba.

Sasa upande wa wadi, ambao mimi naona haujapewa uzito unaostahili, pengine kwa sababu hauna chupa ya kuonyesha kwenye picha. Jaribio la QASC lilifanyika katika vitengo 19 vya kiharusi jimbo la New South Wales, Australia, likachapishwa 2011. Wauguzi walifundishwa mambo matatu: homa, sukari na kumeza. Joto lilipimwa kila saa 4 kwa saa 72 za kwanza, na likifika 37.5 mgonjwa alipewa parasetamoli. Sukari iliyopanda ilitibiwa. Kumeza kulipimwa ndani ya saa 24. Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki wakitegemea wengine walikuwa 42%, dhidi ya 58% katika vitengo vilivyoendelea na mazoea yao. Si haki kuziweka namba hizi moja kwa moja kando ya zile za sindano, maana kilichopimwa si kile kile na wagonjwa walichaguliwa kwa njia tofauti. Hata hivyo, ni faida kubwa iliyopatikana kwa vitu ambavyo karibu kila wadi inavyo, na iliwagusa wenye donge na wenye kuvuja damu kwa pamoja.

Kumeza kunahitaji kusemwa zaidi, kwa sababu hapa kwetu ndipo watu wengi wanapopotea kimya kimya. Kiharusi hulegeza koo. Maji au uji huingia njia ya hewa, na siku chache baadaye nimonia inamchukua mgonjwa ambaye ubongo wake ulikuwa umeanza kupata nafuu. Wanaomuuguza humpa kwa mapenzi: chai, uji wa mchele, maji ya zamzam, kombe (maji yaliyooshewa maandishi ya dua). Dua isomwe, mgonjwa apakwe mafuta, lakini kikombe kisubiri kipimo. Na kipimo ni chepesi. Mgonjwa awe macho, aketi wima kabisa. Apewe kijiko cha chai cha maji, mara tatu, muuguzi akitazama koo na kusikiliza. Akikohoa, akipaliwa, au sauti ikawa na majimaji, kipimo kimeishia hapo. Asipewe chochote mdomoni, hata vidonge, awekewe mpira wa puani. Akimudu, anywe mililita 90 bila kupumzika, na dalili ni zile zile. Dakika 5 zinatosha. Muuguzi aeleze jamaa mara tu wanapofika, maana wakishampa kombe kabla ya kuelezwa, kuwalaumu baadaye hakumsaidii mtu.

Kwa theluthi ile yenye damu iliyovuja, dawa ya kuyeyusha haina la kuwapa. Utafiti wa INTERACT3, uliochapishwa 2023, una. Ulihusisha wagonjwa 7,036 katika hospitali 121 za nchi 10, karibu zote za kipato cha chini na cha kati. Namba ya juu ya presha ilishushwa chini ya 140 ndani ya saa moja, sukari na joto vikadhibitiwa, na waliotumia warfarini wakarudishiwa uwezo wa damu kuganda. Waliobaki na ulemavu mkubwa au kufa walipungua. Lakini kushusha presha kabla ya picha ni jambo jingine. INTERACT4 ya China, 2024, ilishusha presha ndani ya ambulensi kwa wagonjwa 2,404 kabla ya aina ya kiharusi kujulikana: wenye damu walifaidika, wenye donge wakadhurika, na kwa jumla hakuna kilichopatikana. Hii inagusa tabia iliyoenea ya kumbandika mgonjwa nifedipini, dawa ya kushusha presha, chini ya ulimi mara mashine inaposoma 190. Kama ana donge na hatadungwa dawa, presha huachwa ilivyo mpaka ipite 220/120, kwa sababu ndiyo inayosukuma damu ipite pembeni ya palipoziba.

Kuna na wale ambao kiharusi chao ni chepesi, mkono umelegea kidogo kisha ukarudi. Hawa hurudishwa nyumbani mapema mno. CHANCE ya China, 2013, iliwapa klopidogreli, dawa ya kuzuia chembe za damu kushikana, miligramu 300 siku ya kwanza kisha 75, pamoja na aspirini kwa siku 21 za mwanzo, wakianza ndani ya saa 24. Viharusi vipya ndani ya siku 90 vilishuka kutoka 11.7% hadi 8.2%. Dawa zote mbili zipo madukani Mombasa. Sharti ni lile lile: CT kwanza.

Wapo wanaotarajia teknolojia itufute deni hilo la skani. Kipimo cha damu cha protini iitwayo GFAP, inayopanda haraka mshipa unapopasuka, bado kinajaribiwa, na madoa madogo ya damu yanaweza kukipita. Mashine ndogo ya MRI yenye sumaku dhaifu (tesla 0.064) inasukumwa hadi kitandani, lakini katika utafiti wa 2021 iliwakosa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wenye damu. Kwa kuamua nani adungwe, kosa hilo ni kubwa mno.

Nimeupa upande wa wadi nafasi ya kwanza, lakini hoja moja ya wapinzani wake siwezi kuipuuza. Hospitali isiyo na cha kufanya katika saa ya kwanza haina sababu ya kuharakisha, na mgonjwa hulazwa hadi skani ya kesho. Dawa inapowekwa, ghafla kila mtu anatazama saa: askari wa getini, karani, fundi wa skani. Mwenye damu iliyovuja naye anafaidika na mbio hizo, kwa sababu CT yake inafanywa mapema. Pia kuna suala la haki. Anayesema sindano isubiri miaka 10 mpaka kila kitu kikamilike anakubali, bila kutamka, kwamba itapatikana kwa mwenye uwezo wa kulipia hospitali binafsi tu.

Njia ya kuamua kiasi gani kinunuliwe si kubishana. Idara ya dharura iweke kitabu kimoja chenye safu sita: saa alipoonekana mzima mwisho, saa ya kufika, saa ya skani, donge au damu, saa ya kipimo cha kumeza, na hali yake siku ya 90. Kijazwe miezi 6. Kama wenye donge waliofika ndani ya saa 3 ni mmoja au wawili kwa mwezi, chupa chache kwenye friji zinatosha na nguvu iende mitaani, Kisauni, Changamwe na ng'ambo ya feri, kuwafundisha watu kuja mapema. Kama wanaofika mapema ni wengi lakini skani zao zinafanywa baada ya saa 3, basi kinachokosekana ni fundi wa skani wa zamu ya usiku, na mshahara wake ndio uingie kwanza kwenye bajeti.