Kabla ya shamba la lili, Mwanza tutafute baridi

Msimu wa harusi ukikaribia, vijana huniandikia wakiuliza kuhusu kulima lili kando ya ziwa. Wengi wameshapata eneo, Usagara, Kisesa au huko Ilemela karibu na maji, na swali lao la kwanza ni ekari ngapi zinatosha. Kwangu hilo ni swali la mwisho. Ardhi ipo na maji yapo. Kinachokosekana Mwanza ni baridi, na baridi hiyo mji huu unajua kuitengeneza.

Tuanze na mmea wenyewe. Lili ya biashara hupandwa kwa tunguu, na sehemu kubwa ya matunguu yanayouzwa duniani hutoka Uholanzi. Tunguu lisilopitia wiki kadhaa za baridi halitoi ua la maana. Wazalishaji huyapitisha kwanza kwenye baridi hiyo, kisha huyahifadhi kwenye nyuzi 1 au 2 chini ya sifuri, ndiyo maana mkulima anaweza kuagiza mwezi wowote wa mwaka. Yakishayeyuka hayagandishwi tena. Sasa fikiria sanduku limeshuka Dar es Salaam, likapakiwa kwenye basi, likashinda juani stendi. Matunguu yanachipua humo humo, na machipukizi marefu meupe yanakatika wakati wa kupanda. Umeshapoteza kabla hujagusa jembe, na tunguu ndilo gharama kubwa kuliko zote.

Kuna jambo jingine ambalo mtu aliyezoea vitunguu maji halitarajii. Lili huota mizizi chini ya tunguu, halafu huota mingine kwenye shina, juu ya tunguu, ndani ya udongo. Hiyo ya juu ndiyo inayolisha ua. Kwa hiyo tunguu linafukiwa chini, lifunikwe na udongo wa sentimita 8 hadi 10, na udongo huo usichemke. Jua letu la mchana likipiga ardhi tupu, mizizi ya shina inadumaa na bua linatoka fupi, ambalo mpambaji halitaki. Neti ya kivuli ni lazima. Matandazo pia, na pumba za mpunga kutoka Magu na Sengerema zinafaa sana kwa kazi hiyo. Udongo wetu wa luseni, ule wa mchanga ulio chini ya mawe, unapitisha maji vizuri na lili inaupenda. Maji ya ziwa hayana chumvi ya kutisha. Mbolea mbichi ya kuku ndiyo yenye chumvi, ikae mbali.

Aina je? Hapa naomba tusidanganyane. Picha zinazosambaa ni za orientali, zile kubwa zenye harufu nzito kama Stargazer na Casa Blanca. Orientali hukaa shambani karibu miezi minne na inataka hali ya ubaridi wakati wote huo. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mchana wetu mara nyingi hufika nyuzi 28. Asiatiki, kundi jingine la lili, na zile chotara zake ziitwazo LA huchukua takriban miezi miwili na nusu hadi mitatu, na LA huvumilia joto vizuri zaidi. Harufu hazina, au ni kidogo, lakini ukumbini saa mbili usiku watu wanaangalia rangi. Wenzetu wa Entebbe, kwenye mwinuko unaokaribiana na wetu, wamejenga biashara ya maua kwa waridi zenye kichwa kidogo na vipando vya krisanthemu. Waridi za vichwa vikubwa wamewaachia wa nyanda za juu, kama Naivasha iliyo karibu mita 1,900. Walichagua kile ambacho joto lao linakikubali, na sisi tunaweza kufanya hivyo. LA za Krismasi zipandwe mwishoni mwa Septemba. Ila mvua za vuli zinakuja na ukungu wa kijivu kwenye majani, kwa hiyo nafasi kati ya mimea iwe ya kutosha na maji yapite chini kwa matone.

Soko halina haja ya kutafutwa Ulaya. Mimi napamba kumbi, na maua yangu mengi bado yanatoka Arusha. Basi likifika Nyegezi nafungua sanduku pale pale. Matumba yaliyotakiwa kufika yamefumba yamefunguka njiani, na chavua ya rangi ya kutu imepaka petali nyeupe. Ukiifuta kwa maji inasambaa. Naitoa kwa utepe wa kunata, petali moja baada ya nyingine, na bado doa la manjano linabaki. Safari moja sanduku lilisafiri buti moja na mikungu ya ndizi mbivu. Ndizi ikiiva hutoa gesi ya ethilini, na tumba likikaa kwenye gesi hiyo linakauka au linadondoka. Bibi harusi hawezi kuelezwa habari za gesi. Ua lililokatwa Kisesa alfajiri, tumba la kwanza likiwa limeanza kuonyesha rangi, likatumbukizwa kwenye ndoo ya maji saa hiyo hiyo, halipitii mateso haya.

Lakini lili hazisubiri Jumamosi. Zikikomaa Jumatatu lazima zikatwe Jumatatu, na bila chumba cha nyuzi 2 hadi 4 zitakuwa zimefunguka zote kabla ya sherehe. Mwanza inajua kazi hii. Kwa miaka mingi tumekuwa mji wa minofu ya sangara, na mafundi wa majokofu wamejaa hapa kwa sababu ya samaki. Nilimuuliza mmoja wao kama chumba cha nyuzi 3 ni kazi ngumu. Akasema, "Dada, sisi tulikuwa tunashuka mpaka kumi na nane chini ya sifuri. Hiyo yako ni kivuli." Anajua kuziba mlango, kupima unyevu, kusikiliza kompresa inayochoka. Ujuzi huo uko mtaani, na sehemu yake imekaa bila kazi tangu samaki walipopungua viwandani.

Ndiyo maana nawaambia vijana wanaoniandikia wasinunue ekari. Waungane watano au sita, kila mmoja na vitanda vichache chini ya neti, fedha iliyobaki iende kwenye chumba kimoja cha baridi cha pamoja: matunguu yapokelewe humo yanapofika, na mabua yaliyokatwa yahifadhiwe humo, kwa zamu, matunda marufuku. Samaki wasiingie kabisa, kwa ajili ya harufu. Mwenye chumba cha namna hiyo Ilemela au Nyamagana ambacho hakitumiki, hata kidogo, azungumze nao. Nafasi ya ndoo kumi inatosha kuanzia, na mimi nitakuwa mnunuzi wa kwanza.