Mwenye chandarua anajulikana

Asubuhi ya Jumamosi nilishuka Kituku, soko la samaki la Goma kando ya Ziwa Kivu, kutafuta sambaza, wale samaki wadogo kama dagaa. Mama mmoja alikuwa na beseni limejaa, lakini nilipoinama kutazama nikaona macho tu: nukta mbili nyeusi, halafu kitu chembamba kama uzi. Nikamwambia, "Mama, hawa si bado watoto?" Akacheka bila kuacha kujaza kopo. "Papa, hata watoto wanashibisha watoto."

Hawa walitoka kwenye chandarua. Kile kile cha kukinga malaria: vinashonwa vinne, vitano, vinakuwa wavu mmoja, unakokotwa kando kando ya ziwa, kwenye maji mafupi ambako sambaza wanataga na vifaranga wanakulia. Ni marufuku, na hakuna asiyejua. Kila tukilalamika tunaletewa karatasi nyingine na mhuri mwingine. Mvuvi analipa, anaweka karatasi mfukoni, anarudi majini na wavu ule ule.

Rafiki zangu wanasema turudie mila za babu. Mila zipi? Sambaza si mwenyeji wa Kivu, aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Babu yangu alimkuta ukubwani. Hakuna mzimu wala mwiko uliowahi kumlinda.

Lakini wavuvi wenyewe walijiwekea utaratibu. Sambaza anavuliwa usiku kwa taa, mitumbwi mitatu ikiwa imefungwa pamoja kwa miti mirefu, watu wakipiga kasia na kuimba. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haivuti kitu. Basi timu inabaki nchi kavu siku kadhaa, wanashona nyavu, wanagombana kuhusu deni la mafuta. Ziwa linapumua, na hakuna polisi aliyetumwa. Tena ukitoka peke yako utaonekana: taa yako na nyimbo zako vitakushtaki hadi ng'ambo.

Mtu wa chandarua haimbi. Anaingia kwa miguu, alfajiri, kwenye matete. Anayemwona ni jirani yake, na jirani hana mamlaka hata ya kumwuliza jina, ingawa jina analijua tangu utotoni. Mimi naona shida yetu iko hapo.

Kule Kuruwitu, pwani ya Kenya, wavuvi walikaa katikati ya miaka ya 2000 wakatenga kipande cha bahari yao, kama hekta 30, kisivuliwe. Wanakiita tengefu. Walikilinda wenyewe na samaki wakarudi. Najua, mwamba wa matumbawe hauhami, sambaza anahama. Rwanda hufunga uvuvi wake kama miezi miwili kila mwaka, lakini samaki hasomi mpaka. Hatuwezi kutenga katikati ya ziwa. Vighuba vya kutagia, hivyo tunaweza. Viko mahali pamoja, na watu wanaoishi juu yake wanajua ni vipi na ni wakati gani.

Mtaniambia chefu, mkuu wa kijiji, atauza nafasi ya kuvua humo. Pengine. Ndiyo maana sitaki mamlaka ya kufunga vighuba apewe chefu peke yake. Wakae wenye mitumbwi, wavuta kamba, na mama wauzaji, maana wao ndio wa kwanza kuona samaki anapopungua unene. Anayekamatwa, wavu wake uchomwe mbele ya watu wa kwao.

Na huyu wa chandarua tusimfanye shetani. Mara nyingi ni kijana asiye na mtumbwi wala nafasi kwenye timu yoyote. Ukimnyang'anya wavu bila kumpa kamba ya kuvuta usiku, kesho atashona mwingine. Kila timu inayotaka kighuba kifungwe ichukue mmoja wao, hata kwa fungu dogo.

Yule mama alinisubiri niamue, kopo mkononi. Nilinunua makopo mawili. Nyumbani waliwakaanga, wakaliwa wote, na mimi nikila.