Almasi ya pete: tuamini cheti au macho?

Binamu yangu anatafuta pete ya uchumba, na kuna almasi mbili zinazomkosesha usingizi. Ya kwanza ina karati 1.01, rangi G, ung'avu VS1 (dosari ndogo sana), na mkato uliopewa alama ya "Good" tu. Ya pili ina karati 0.92, rangi H, ung'avu SI1 (dosari ndogo), lakini mkato wake ni "Excellent". Zote ni za duara na zote zina cheti. Ya kwanza inaizidi ya pili bei kwa fedha za kununulia bodaboda mpya na chenji ikabaki. Muuzaji anamwambia asome karatasi. Baba mdogo, aliyefuatana naye dukani, anamwambia karatasi haivaliwi kidoleni, aangalie jiwe. Na kwa macho, anasema binamu, ile ndogo ndiyo iliyokuwa inawaka.

Upande wa karatasi una hoja nzito. Vipimo hivi vilienezwa na GIA, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1931. Rangi hupimwa kwa herufi D hadi Z, yaani kutoka jiwe lisilo na rangi kabisa hadi lenye umanjano au ukahawia hafifu. Walianzia D kwa makusudi, kwa kuwa wauzaji walikuwa wameshazichakaza A, AA na AAA kwa kuzibandika kwenye kila jiwe. Ung'avu ni hesabu ya dosari zinazoonekana kwa kioo cha kukuza mara 10, na uzito ni karati, kila moja gramu 0.2. (Tusichanganye na karati za dhahabu, ambazo hupima usafi kati ya 24. Pete moja inaweza kuwa na karati 18 na karati 1 kwa wakati mmoja, na yote mawili yakawa kweli.)

Lakini kazi kubwa ya cheti siku hizi ni kukuambia jiwe limetoka wapi, kabla hata ya kufika kwenye herufi hizo. Almasi ya maabara ni almasi kweli: kaboni ileile, ugumu uleule. Kampuni ya Marekani ya General Electric ilifanikiwa kuitengeneza tangu mwaka 1954, na leo zinauzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya zile za ardhini. Hakuna jicho, hata la sonara wa miaka 40, litakalozitenganisha kwa kutazama. Ile kalamu ya kupimia anayokuja nayo sonara hupima jinsi jiwe linavyopitisha joto, kwa hiyo italikubali jiwe la maabara kuwa almasi bila kusita, na mara nyingi itaikubali hata moisanaiti, ambayo si almasi kabisa. Hapa baba mdogo ameshindwa moja kwa moja.

Ila hata cheti hakisimami peke yake. Mwaka 2014 soko la mtandaoni la RapNet liliacha kuorodhesha almasi zenye vyeti vya EGL, maabara nyingine ya kupima almasi, kwa sababu alama zake zilikuwa za ukarimu mno. Maabara za GIA nazo zimeshakuta mawe ya maabara yaliyochorwa kiunoni (kwenye ukingo wa sehemu pana ya jiwe), kwa leza, namba za vyeti vya almasi za asili. Basi namba hiyo iingize kwenye tovuti ya waliotoa cheti, kisha ulinganishe uzito na vipimo vya milimita na jiwe lililo mbele yako.

Sasa turudi kwa baba mdogo, maana kwenye uzuri hajakosea. Dosari za VS1 na za SI1 huonekana kwa kioo. Kwa macho matupu, SI1 nyingi ni safi. Rangi G na H watu wengi hawazitofautishi hadi ziwekwe ubavu kwa ubavu, tena kichwa chini juu ya karatasi nyeupe. Na pete ikiwa ya dhahabu ya njano, kulipia D ni kutupa hela, kwani dhahabu yenyewe italipaka jiwe rangi yake. Umanjano huohuo, ukikolea kupita Z, jiwe huhamia daraja la almasi za rangi na bei hupanda. Lile jiwe la waridi la mgodi wa Mwadui, Shinyanga, lililopatikana mwaka 1947 likiwa na karati 54.5 na mwenye mgodi, Dkt. Williamson, akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi, lisingekuwa na pa kukaa kwenye herufi hizo za D hadi Z.

Kinachowasha jiwe ni mkato. Likikatwa kwa pembe sahihi, mwanga unaoingia juu hurudi juu. Likiwa nene mno chini, mwanga huvujia pembeni. Unene huo nao una uzito, na uzito unalipiwa. Nadhani ndicho kilichotokea kwa ile ya karati 1.01: mkataji alibakiza nyama tumboni ili mizani ivuke moja, kwa kuwa bei huruka hapo. Vipimo vya milimita kwenye vyeti vyote viwili vinasema upana wa mawe hayo unakaribia kuwa sawa. Binamu anatakiwa kulipia uzito ambao hakuna atakayeuona.

Mimi ningechukua ya 0.92. Ila jicho nalo hudanganywa na taa. Zile taa kali za dukani hufanya hata kioo kimetemete, kwa hiyo jiwe lisogezwe dirishani, kivulini, nje ya miale yao, litazamwe likigeuzwa polepole. Majaribio ya kukwaruza kioo yaachwe, hata jiwe la kwatzi linakwaruza. Tena lipimwe likiwa bado halijafungwa kwenye pete, kwa sababu kucha za pete huficha dosari na jiwe lililofungwa haliwezi kuwekwa kwenye mizani. Nimemwambia binamu arudi Jumamosi asubuhi, jua likiwa limetoka, na amwombe muuzaji watoke wote hadi mlangoni na mawe yote mawili.