Yoti Zilizokutwa Zikielea

Katika mashindano ya Fastnet ya Agosti 1979, yoti 303, yaani mashua za matanga, ziliondoka kusini mwa Uingereza kwenda kuuzunguka mwamba wa Fastnet, nje ya pwani ya Ireland. Dhoruba ikazikuta njiani. Washindani 15 walifariki, na yoti 24 zilihamwa na mabaharia wake. Bahari ilipotulia, 19 kati ya hizo 24 zilikutwa bado zinaelea.

Hiyo 19 ndiyo inayoufufua ubishi kila wasafiri wa masafa marefu wanapokutana. Chombo kikizidiwa, nahodha awaingize watu wake kwenye boti la mpira la kuokolea mapema, wakiwa bado na nguvu, au awazuie hadi dakika ya mwisho?

Wanaosema "kaeni chomboni" huonekana wakaidi, watu wanaothamini mali kuliko roho. Nadhani hawajaeleweka. Wao hawatetei thamani ya yoti; wanauliza nini hasa huua watu. Kati ya vifo vile 15, saba vilihusiana na maboti ya mpira. Boti la yoti Trophy lilikatika vipande viwili likiwa na watu ndani, watatu wakafa. Trophy yenyewe haikuzama.

Wala si kwamba waliohama walikuwa waoga. Yoti imepinduka na kuinuka tena, mlingoti umevunjika, maji yako magotini, betri zimechomoka mahali pake, jiko limeng'oka, na nje ni giza totoro. Nani asingeamini kwamba kinazama? Lakini maji hayo ya magotini huenda yote yaliingia kwa mkupuo mmoja kupitia mlangoni wakati chombo kimelala kifudifudi, na chini hakuna hata ufa. Maji yasiyoongezeka hayazamishi yoti. Kulijua hilo kunataka mtu ashike tochi, atie alama ukutani pale maji yalipofika, asubiri dakika chache, kisha atazame tena. Ni kazi ndogo, na ni ngumu kuliko zote kwa mtu aliyechoka anayetetemeka kwa baridi. Ndiyo maana 19 kwa 24 hainitoki akilini: katika kila vyombo vitano vilivyohamwa, karibu vinne vilikuwa bado vina uwezo wa kubeba watu wake.

Upande wa pili nao una hoja nzito. Katika dhoruba hiyohiyo, Grimalkin ilikuwa na watu sita. Nahodha alichukuliwa na bahari. Watatu waliamini wenzao wawili wameshakufa, wakaingia kwenye boti la mpira, na helikopta ikawaokoa. Kati ya wale wawili walioachwa, mmoja alifia palepale. Mwingine aliokolewa saa nyingi baadaye, akiwa juu ya yoti ileile iliyodhaniwa imekwisha. Asiyekiri kwamba boti la mpira liliwafaa watu watatu hajasoma kisa chote.

Mwaka 1972 yoti Lucette ya familia ya Robertson iligongwa na nyangumi wauaji karibu na visiwa vya Galápagos, ikazama kwa dakika chache. Watu sita waliishi baharini siku 38, kwanza kwenye boti la mpira, kisha lilipochakaa, kwenye kihori chao kidogo. Hapo hakuna nafasi ya kutia alama ukutani. Na moto ulioshika chumba cha injini haumsubiri mtu.

Wengine huongeza kwamba tangu mitambo ya Cospas-Sarsat ianze kunasa ishara za dharura kwa setilaiti mwaka 1982, msaada unafika haraka, basi kwa nini mtu ang'ang'anie? Lakini ishara hiyo hurushwa vilevile ukiwa sitahani, na rubani wa helikopta huiona yoti, hata isiyo na mlingoti, kwa urahisi kuliko kiboti kinachopotelea kila mara kati ya mawimbi.

Kinachonivuta zaidi upande wa kubaki ni jinsi unavyobadilisha matayarisho. Tundu la kipenyo cha sentimita 5, likiwa sentimita 60 chini ya usawa wa maji, huingiza takriban lita 240 kwa dakika. Hakuna mkono utakaoshindana na hilo muda mrefu kwa pampu ya ngama, ile inayotoa maji yaliyojikusanya chini kabisa ya chombo. Kizibo cha mbao laini, chembamba mbele na kinene nyuma, kikiwa kimefungwa kwa kamba kando ya kila vali inayofunga tundu la bomba kwenye ubavu wa chombo, hulinyamazisha kwa mapigo machache ya nyundo. Betri zifungwe mikanda inayohimili kupinduka. Mbao za kuzibia mlango wa kushukia chumbani ziwe na komeo linalofungika ndani na nje, maana bila komeo hudondoka baharini yoti inapolala kichwa chini, na mlango ukabaki wazi kwa wimbi linalofuata.

Boti la mpira libebwe, tena likaguliwe kwa wakati. Ila kabla ya kung'oa nanga, wote wakubaliane nini kitawatoa chomboni: maji yanayopanda ingawa pampu zinafanya kazi, au moto uliokataa kuzimika. Kinachonikera ni kwamba boti la mpira lina tarehe yake ya ukaguzi na cheti, ilhali kwenye yoti nyingi za matembezi hakuna anayeuliza habari za komeo la mlango.