Uchovu wa mwalimu na moyo wa kusaidia: ni tabia au ni mazingira ya kazi?

Shuleni kuna kazi nyingi ambazo hazimo katika mkataba wa mwalimu. Mmoja hubaki darasani baada ya kengele ya mwisho ili kumrudishia mwanafunzi hesabu ambazo wenzake walikwisha kuzielewa. Mwingine humshikia kipindi mwenzake aliyefiwa, na wa tatu hukaa na mwalimu mgeni akimwonyesha namna ya kuandaa somo. Hakuna anayelipwa kwa matendo hayo wala anayeadhibiwa kwa kutoyatenda, lakini shule ambayo walimu wake wameyaacha hudhoofika hata kama vipindi vyote vinafundishwa kwa wakati. Mtaalamu Mmarekani Dennis Organ, akiandika mwaka 1988, aliyaeleza matendo ya namna hii kuwa ni hiari ya mfanyakazi isiyotambuliwa waziwazi na utaratibu wa malipo, ambayo ikijumlishwa huifanya taasisi iende vizuri. Ninachotaka kukipima hapa ni mahali hiari hiyo inapotoka, na sababu inayoifanya ikauke kwa mtu aliyekuwa nayo.

Wapo wanaoamini kwamba yote ni suala la utu. Ualimu ni wito, husema, na wahenga walikwisha kunena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ushahidi wao si haba, kwa sababu katika shule moja, yenye mshahara mmoja na mkuu mmoja, utamkuta mwalimu asiyechoka kuwasaidia wengine na jirani yake asiyenyanyua hata chaki isiyo yake. Hoja hii inastahili heshima pia kwa kuwa inamchukulia mwalimu kama mtu mwenye dhamiri, na wala si chombo kinachofanya kazi vizuri au vibaya kulingana na kilivyowekwa. Hata hivyo, inaeleza tofauti kati ya mtu na mtu, na inanyamaza pale mtu yuleyule anapobadilika. Mwalimu aliyekuwa wa kwanza kujitolea kwa miaka kumi, ambaye sasa hufunga mkoba wake dakika kengele inapolia, hakuzaliwa upya akiwa na moyo mwingine.

Kinachoweza kumbadilisha hivyo ni uchovu wa kazi, yaani kuishiwa nguvu na moyo kwa sababu ya kazi yenyewe. Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia aliyeandika juu ya uchovu huu mwaka 1974, aliuona kwa watu waliofanya kazi katika kliniki ya bure, tena akasisitiza kwamba wanaokumbwa nao zaidi ni wale waliojitoa kwa dhati. Watafiti Christina Maslach na Susan Jackson walipotunga kipimo chake mwaka 1981 waliugawa katika sehemu tatu: kuishiwa nguvu za hisia, kuwaona watu unaowahudumia kama vitu tu, na kujiona hufanikishi lolote. Kwa suala letu, sehemu ya pili ndiyo nzito kuliko zote, maana mwalimu aliyefika hapo halegei tu, bali hujiwekea ukuta. Mwanafunzi anayehitaji msaada huonekana kama usumbufu, na mwenzake anayeomba ashikiwe kipindi huonekana kama mtu anayetaka kumtumia. Ukiangalia kwa nje utasema ana roho mbaya, kumbe anakinga kile kidogo kilichobaki. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, liliutaja uchovu huu kuwa ni hali inayotokana na msongo wa kudumu kazini ambao haukudhibitiwa, na likasema wazi kwamba si ugonjwa.

Ni mazingira gani hasa, basi? Mwaka 2001, mtafiti Evangelia Demerouti na wenzake walitoa maelezo ambayo kwangu ndiyo yanayosaidia zaidi kufikiri. Walitenganisha madai ya kazi na nyenzo za kazi. Madai ni idadi ya wanafunzi, madaftari ya kusahihisha, ripoti zisizokwisha, kelele na haraka. Nyenzo ni vitabu, msaada wa mkuu, uhuru wa kuamua namna ya kufundisha, na kuambiwa kwa haki umefanya vizuri wapi na vibaya wapi. Madai yakizidi, mtu huchoka. Nyenzo zikikosekana, mtu hujitenga na kazi yake. Mizizi ni miwili, na ndiyo maana likizo humrudishia mwalimu usingizi bila kumrudishia moyo: amepumzika, lakini amerudi mahali palepale ambapo hakuna anayemsikiliza. Mshahara una nafasi yake kubwa, na anayeidharau hajawahi kufundisha huku akiwaza kodi ya nyumba, ila hauwezi kuziba pengo la kutosikilizwa.

Tahadhari mbili zinahitajika kabla ya kuyabebesha mazingira lawama yote. Tafiti nyingi za eneo hili humuuliza mwalimu mmoja, kwa wakati mmoja, juu ya mazingira yake, uchovu wake na utayari wake wa kusaidia, na mtu aliyechoka huona kila kitu kimeharibika, hivyo si rahisi kujua kipi kilitangulia. Pia kusaidia kwenyewe si gharama tupu. Mwanafunzi aliyekuwa amekata tamaa akielewa, mwalimu hupata kile ambacho sehemu ya tatu ya uchovu huiba, yaani kuona kwamba kazi yake ina matokeo. Kumwondolea mwalimu kila kazi ya ziada kwa nia njema kunaweza kumnyima chanzo chake cha nguvu.

Lakini manufaa hayo hudumu pale tu msaada unapobaki kuwa hiari. Mtafiti Eran Vigoda-Gadot aliandika mwaka 2006 juu ya msaada unaoitwa wa kujitolea ilhali mtu hawezi kuukataa bila kuonekana mkaidi. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaolitumia neno wito kwa wepesi. Kwa anayeamuru, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na neno hilo tukufu hugeuka njia ya kupata saa za kazi bila kuzihesabu. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani na UNESCO juu ya hadhi ya walimu, la mwaka 1966, lilikwisha kutaka saa za kazi zipangwe kwa kushauriana na vyama vya walimu, na muda wa kuandaa masomo na kusahihisha uzingatiwe katika kupanga saa za kufundisha.

Kazi kubwa ya kupunguza idadi ya wanafunzi darasani na kuajiri walimu wa kutosha iko mikononi mwa serikali, na mkuu wa shule hawezi kuimaliza peke yake. Lililo mikononi mwake ni namna anavyoomba. Katika shule nyingi huitwa yuleyule kila mara, kwa sababu hajawahi kukataa, mpaka siku anapoacha kuitika na watu wakashangaa. Daftari dogo linaloonyesha nani aliombwa nini muhula huu, na nani hajaombwa kamwe, lingemkinga mwalimu huyo mapema, wakati bado anasaidia kwa kupenda.