Steringi Aliyeitwa kwa Jina la Mumewe

Jumamosi nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi, shuka shingoni, mashine sikioni, sina pa kukimbilia. Kwenye televisheni dada mmoja anawatandika wanaume sita mfululizo. Kijana aliyekuwa akingoja zamu akacheka: "Mambo ya siku hizi haya. Zamani steringi alikuwa mwanamume." Saluni nzima ikaitikia.

Siku hizi!

Mwaka 1915, huko Marekani, binti mmoja alisimama juu ya paa la stesheni, treni inakuja, akairukia. Umbali ulikuwa umepimwa, na mruko wenyewe alikuwa ameufanyia mazoezi treni ikiwa imesimama. Lakini treni iliyosimama na treni inayochanganya mwendo ni wanyama wawili. Alitua sawasawa, kisha mwendo ukambiringisha mpaka ukingoni mwa behewa. Akadaka bomba la hewa, akaning'inia. Na kwa kuwa kamera ilikuwa bado inazunguka, akaona heri aning'inie vizuri zaidi ili picha inoge. Aliondoka na michubuko tu. Hakukuwa na kompyuta ya kuchora treni. Treni ilikuwa treni.

Huyo ni Helen Gibson, wa filamu za mfululizo za The Hazards of Helen, vipindi 119, enzi za sinema bubu. Alimpokea kijiti Helen Holmes, mwigizaji aliyeanza na nafasi hiyo. Hadithi zenyewe, nisidanganye, zilifanana kama mapacha.

Kinachoniudhi kuliko yule kijana ni kwamba hata wachache wanaomkumbuka humtaja kama mke wa Hoot Gibson. Walioana 1913 kwenye rodeo, yale mashindano ya makauboi, ya Pendleton, Oregon. Mwenyewe alisimulia kwamba vyumba vilikuwa adimu na wanandoa ndio waliopewa kwanza. Mapenzi au malazi, amua mwenyewe. Hoot alikuja kuwa nyota mkubwa wa kauboi miaka ya 1920, sikatai, farasi alimjua. Lakini mwaka 1915, steringi wa nyumba ile alikuwa mkewe!

Halafu tazama jina. Alizaliwa Rose Wenger, mwaka 1892, Cleveland, Ohio. "Helen" alipewa na Kalem, kampuni iliyotengeneza filamu hizo, kwa sababu mfululizo ulikuwa wa Helen na Helen lazima apatikane. "Gibson" ni la mume. Binti wa watu akaanguka kutoka juu ya farasi na treni maisha yake yote kwa majina mawili, na la kwao halimo. Haya, nakubali kwa shingo upande: lilikuwa jina la biashara, na hata ndoa ilipovunjika hakulitupa.

Ufundi hakupewa na mume. Alijifunza kwenye maonyesho ya farasi ya akina Miller wa Oklahoma, wenye ranchi iliyoitwa 101: farasi yuko mbioni, wewe unainama kutoka kwenye tandiko unaokota leso chini. Wazoefu walimwonya kwamba atapigwa teke la kichwa. Hakuamini kwamba linaweza kumpata yeye.

Alijaribu kuwa na kampuni yake, fedha zikakauka. Baada ya hapo akawa mtu wa kuumia kwa niaba ya nyota wengine wa sinema: Marie Dressler, Ethel Barrymore, wao sura, yeye mbavu. Mwaka 1962 ilitoka filamu yake ya mwisho, iliyoongozwa na John Ford. Bibi wa karibu miaka 70 anaendesha gari la kukokotwa na farasi. Alilipwa dola 35.

Yote haya niliyamwaga palepale saluni, mkono nje ya shuka. Kijana akanisikiliza hadi mwisho, kwa adabu kabisa, kisha akauliza: "Sasa huyo Hoot, filamu zake zinapatikana?"

Nililipa nikaondoka. Ndevu za upande wa kushoto bado hazijakaa sawa.